Nati Sita Mbele, Tano Nyuma

Magurudumu ya mbele yalikuwa na nati sita kila moja. Ya nyuma yalikuwa na tano. Rolande alizihesabu akiwa ameinama, mwavuli uliofungwa ukimchuruzikia kiatuni, kisha akazunguka upande wa pili wa pikapu akazihesabu tena, kama vile upande ule ungeweza kumpa jibu jingine. Sita mbele. Tano nyuma.

Hakuwa fundi. Lakini mumewe Mathieu alikuwa fundi, na mke wa fundi hujikuta anajua mambo ambayo hakuomba kufundishwa. Kila mwaka, baridi ilipokaribia na matairi yakabadilishwa, kazi ya Rolande ilikuwa kushika bakuli la plastiki na kupokea nati. Pikapu hii nyeupe, ile nyepesi, ilikuwa ya nati tano mbele na nyuma. Yenye sita ilikuwa ile ya kijani, nzito, ambayo sasa ilisimama pembeni mwa hanga, lile banda la magari, juu ya vigogo vya mbao, uso umeng'olewa, mbele hakuna gurudumu hata moja.

Mtu alikuwa amechukua miguu ya gari moja akaivisha jingine. Na mtu huyo, mumewe, alikuwa amelala katika chumba cha baridi cha maiti hospitalini, tangu siku moyo wake uliposimama kwenye ngazi za metro, mkononi mfuko wa mikate.

Rolande alikuja hangani Molenbeek, hapa Brussels, kwa kazi ndogo tu. Kabeya, kaka mkubwa wa Mathieu, alikuwa anakuja Jumamosi kutoka Liège kuiona pikapu aliyoiacha mdogo wake, na Rolande alitaka kuisafisha kidogo, ayatoe magunia ya chakula yaliyorundikwa ndani ya kebini, ili mzee asikute mambo ya aibu. Mvua ya Novemba ilipiga bati la paa. Harufu ya grisi ilikuwa ileile aliyokuwa akiifua kwenye mashati kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo alikuwa amesimama muda mrefu mlangoni kabla ya kuingia. Halafu akaona nati.

Alimwita Josias.

Josias naye, kama Mathieu, alikuwa mtu wa Likasi, kule Kongo. Yeye na Mathieu walishirikiana hanga hilo. Josias alinunua magari makuukuu na kuyapakia meli za Afrika katika bandari ya Anvers, Mathieu akiyatengeneza yale yaliyokataa kuwaka. Alikuja akifuta mikono, akatazama alichokuwa anakionyesha Rolande, na akaanza kueleza kwa haraka ya mtu anayetaka maelezo yaishe kabla hajaulizwa swali.

Pikapu hizi mbili, alisema, ni za ukoo mmoja lakini si za daraja moja. Ukizitazama kwa mbali utaapa ni pacha. Nyeupe ilizaliwa kwa lami, mwenyewe alikuwa muuza maua. Ya kijani ilizaliwa kwa kubeba tani nzima, mwenyewe alikuwa mkata miti kwenye misitu ya Ardennes. Lakini chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji ilikuwa imeila chasisi ya kijani mpaka kidole kikapita, na wakaguzi wa magari wakaikataa. Chasisi ya nyeupe ilikuwa safi kama sahani. Kwa hiyo Mathieu akachukua mbele yote ya kijani, ile mikono ya chuma ya pembe tatu, vifundo vinavyoruhusu gurudumu kugeuka, amortisa za kumeza mishtuko, breki, na zile fimbo ndefu za chuma ambazo katika magari haya hujisokota mahali pa springi, akavileta vyote chini ya nyeupe.

Alipofika hapo Josias alisahau kuharakisha. Alipiga magoti, akamulika kwa simu.

Wengi huchanganya, alisema. Wanachukua mkono wa gari zito na kuufunga kwenye kifundo cha gari jepesi, kwa sababu matundu ya bolti yanafanana. Msumari wa kifundo unaingia, nati inakaza, mtu anafurahi. Lakini tundu limechongoka kwa kiasi tofauti na msumari. Chuma kinagusana mdomoni tu, ndani ni hewa. Siku moja, kwenye shimo la kwanza la maana, gurudumu linakwenda njia yake na gari njia yake. Mathieu hakuchanganya. Alihamisha jamaa nzima. Na hata hivyo alipaka kila msumari masizi ya mshumaa, akausukuma tunduni, akauzungusha, akautoa, akatazama kama masizi yamefutika pote.

"Yote ilifutika," Josias alisema. "Alinionyesha. Alifurahi kama muntu amepata mutoto."

Rolande na Mathieu hawakupata mtoto. Josias akakumbuka jambo hilo akiwa amekwisha kulisema, akazima taa ya simu.

"Juu ya nini alifanya hii yote?" Rolande aliuliza.

"Juu gari ikuwe na nguvu."

"Nguvu ya kwenda wapi?"

Josias akainuka, akatafuta kitambaa ambacho tayari kilikuwa mkononi mwake.

"Josias. Barabara ya hapa, Chaussée d'Ixelles, iko na mashimo ya namna ile?"

Rolande akatazama nyuma ya pikapu, akaona kilichokuwa kimefungwa kwa kamba: matairi mawili ya akiba, moja la matundu matano, jingine la matundu sita. Mtu wa Brussels akipasukiwa tairi hupiga simu, akasubiri ndani ya gari huku redio inaimba. Matairi mawili ya akiba hubebwa na mtu anayekwenda mahali ambapo hakuna atakayekuja.

*

Ili kuelewa uzito wa jambo hili kwake, ni lazima kujua alichokuwa amekisema juzi yake, sebuleni kwake, mbele ya ukoo mzima.

Viti vilikuwa vimeazimwa parokiani. Wanawake walikuwa jikoni na Bibiane, rafiki yake, ambaye katika matanga yote ya watu wa kwao hapa mjini ndiye huamua chumvi. Wanaume walikaa sebuleni, na katikati yao Kabeya, koti hajavua, akazungumza kwa niaba ya Likasi. Alisema mdogo wake alizaliwa kule, wazazi wao wamelala kule, na haifai kumlaza katika udongo mbichi wa watu ambao hawatajua hata kulisoma jina lake. Mwili urudishwe. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Rolande alijibu kwa sentensi moja. Alisema Mathieu mwenyewe alimwambia kwamba watabaki hapa.

Kauli ya marehemu kinywani mwa mjane wake si kitu cha kubishania. Kabeya akainamisha kichwa. "Kama alikusemea vile, mulamu, sina kintu ya kuongeza," alisema, na mazishi yakapangwa Jumatatu, katika makaburi ya manispaa, mwendo mfupi wa basi kutoka nyumbani. Rolande angeweza kwenda kila Jumapili baada ya misa. Hilo ndilo alilolitaka. Hakuwa na mtu mwingine wa kwenda kumwona.

Na hakusema uongo. Mathieu alilisema neno hilo. Lilisemwa jikoni, mwaka uliopita, baada ya miezi ya kuvutana. Pensheni ilikuwa inamkaribia, naye akawa anaota Likasi mchana: kiwanja cha kaka yake, karakana ndogo, jua la asubuhi mgongoni. Rolande alikuwa mtu wa Bukavu. Alitoka kule kwa miguu akiwa msichana, akiwa na mama yake, na akafika alikofika bila mama yake, na kuhusu kilichotokea katikati hakuwahi kumweleza mtu, hata mume. Alisema hataikanyaga ardhi ile tena. Mathieu akasema kutoka Bukavu mpaka Likasi ni karibu kama kutoka hapa mpaka Roma. Yeye akasema, "Ni inchi moja, Kongo." Mathieu akainuka. Akachukua sahani yake, akaiosha mwenyewe, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya, akaiweka ikauke.

"Bon," alisema. "Basi. Tutabaki."

Hakuligusa tena. Na Rolande, mwaka mzima, aliishi ndani ya maneno hayo kama mtu anavyoishi ndani ya nyumba aliyolipia.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya gari ambalo lilisema jambo jingine. Kinywa cha Mathieu kilisema tutabaki, mikono yake ilisema nakwenda, na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa kweli. Hakuwa mtu wa maneno. Kila jambo kubwa alilopata kumwambia, alilitengeneza.

Hakulia. Alihisi hasira safi, ya mwanamke ambaye mumewe amefunga sanduku usiku na kulisukuma chini ya kitanda. Alimwambia Josias airudishe.

"Irudishe wapi?"

"Kama ilikuwa. Hii ya kijani, kwa kijani. Hii nyeupe, kwa nyeupe. Mbele ya Jumamosi."

Josias alieleza kwamba hiyo ni kazi ya siku nzima na zaidi, kwamba alikuwa na magari matatu ya kufikisha bandarini, kwamba mgongo wake si ule wa zamani. Rolande alimwacha amalize. Kabeya, alimkumbusha, alikuwa fundi kabla Mathieu hajajua kushika spana; yeye ndiye aliyemfundisha, katika karakana ya magari ya migodini kule kwao. Angeingia hapa, na kabla ya kumpa mtu mkono angekuwa amekwisha kujua kila kitu.

"Maman Rolande," Josias alisema polepole, "ile ni kazi yake ya mwisho."

"Na mimi ni bibi yake wa mwisho."

Josias alicheka, bila kutaka, na akaona aibu kwa kucheka. Kisha akaenda kuleta jeki.

*

Siku iliyofuata Rolande alikwenda kazini. Wangemruhusu akae nyumbani, lakini nyumbani kulikuwa kumejaa watu waliokuja kumliza. Alipanda metro kwenye kituo cha Comte de Flandre na kushuka mwisho wa njia, Auderghem, ambako miti ya msitu inaanza kuonekana nyuma ya nyumba, na akaingia kwenye makao ya wazee ambamo alikuwa amefanya kazi ya uuguzi miaka kumi na minne.

Aliosha migongo. Alikata kucha. Kulikuwa na bibi mmoja, mwembamba kama kiango cha nguo, ambaye kila asubuhi aliuliza watakuja kumchukua lini arudi kwake. Nyumba yake ilikwisha kuuzwa. Wauguzi wote walikuwa na jibu moja, na Rolande ndiye aliyelisema vizuri kuliko wote, kwa sauti ya chini, akimfunga vifungo: kesho. Bibi alitulia, kama kawaida. Kesho yake angeuliza upya.

Siku hiyo Rolande alilisema, na akabaki ameshika kifungo. Ilimjia kwamba katika nyumba ile nzima hakuna mtu aliyewahi kuomba kitu kingine. Hawakuomba dawa, wala chakula kizuri zaidi. Waliomba kurudi. Naye alilipwa kwa kuwaambia kesho mpaka walipofika mahali ambapo neno hilo halikuwa na maana.

Bibi akamshika mkono. Alimuuliza kwa Kifaransa kama yeye naye anarudi kwao leo. Rolande alisema ndiyo, saa tisa, Molenbeek. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba amesikia jibu la mtoto.

*

Rolande alipofika hangani baada ya kazi, upande wa kushoto ulikuwa umekwisha kurudi kuwa wa nati tano. Mkono wa chuma wa gari zito ulikuwa sakafuni, mweusi, mkubwa, kama paja la ng'ombe buchani. Ule mwepesi uliorudishwa mahali pake ulionekana kama wa kuchezea. Josias alikuwa amekaa juu ya ndoo anakunywa chai, na hakumtazama.

Alimwambia kwamba upande wa kulia angeufanya jioni. Lakini kwanza zile fimbo za kujisokota zinahitaji kukazwa ili gari likae kimo chake, na hiyo haiwezekani na mizigo ikiwa ndani. Ayatoe yale magunia kwenye kebini.

Rolande akafungua mlango wa abiria. Jana yake alikuwa ameyaona magunia haya kupitia kioo na kuyadharau: akiba ya Mathieu, ambaye akikuta chakula rahisi hawezi kukiacha. Sasa aliona vizuri. Kwenye kiti cha dereva yalipangwa magunia ya mchele, moja juu ya jingine. Kwenye kiti cha abiria, magunia ya unga wa fufu. Na yote, huku na huku, yalikuwa yamefungwa mkanda.

"Juu ya nini aliyafunga mushipi?" aliuliza.

"Yasianguke. Alikuwa anajaribu gari humu ndani, mbele, nyuma."

"Sasa si angeyatoa?"

Josias akaweka chai chini. Alisema alidhani anajua. Kule kwenye karakana ya Likasi, walikojifunza wote wawili, alieleza, Kabeya aliwakataza kukaza kimo cha gari likiwa tupu. Gari tupu halijui lolote, alikuwa anasema. Litasimama sawasawa mbele yako, na siku watu wakipanda litainama. Kwa hiyo unauliza kwanza nani atapanda, na unaweka uzito wake kwenye kiti chake. Mainjinia walipimwa kwenye mizani ya saruji. Wengine waliona ni matusi.

Rolande alitazama magunia ya mchele. Manne, ya kilo ishirini ishirini. Themanini: Mathieu, baada ya Krismasi. Halafu akatazama ya fufu. Yalikuwa matatu, na kila moja liliandikwa ishirini na tano: sabini na tano.

Akakumbuka asubuhi moja ya Agosti. Alikuwa anavaa, na Mathieu, mswaki mdomoni, akamuuliza ana kilo ngapi. Alimjibu kwamba akitaka kununua nyama aende kwa buchari. Mathieu akang'ang'ana, na yeye, ili amwondokee, akataja namba.

"Mi nilimwambia soixante-six, sitini na sita tu," alisema.

"Aliniambia," Josias alisema. "Alisema unaweza kumudanganya yeye, lakini apana ile chuma."

Rolande akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu ngazi za metro, na kilitoka kikubwa, kikagonga bati la paa, na Josias naye akacheka mpaka akashika kiuno. Kilipokwisha, hakuna aliyejua pa kutazama.

Hasira ya jana ilikuwa imeondoka, na Rolande akagundua kwamba ilikuwa ikimsaidia kusimama. Mume anayetoroka unaweza kumlaani, ukamzika unapotaka, ukaenda zako. Huyu hakuwa anatoroka. Alikuwa amemwekea kiti. Alikuwa amepima mashimo yote ya barabara ile huku yeye amekaa kuume kwake, kilo kwa kilo, uzito wa kweli na si ule wa uongo.

"Alikuambia nitakubali?"

"Apana."

"Alisema nini?"

Josias alichagua maneno yake kama mtu anayechagua bolti gizani. "Nilimuuliza ile ile. Nikasema, Mathieu, bibi yako alikwisha kukatala, unatengeneza hii juu ya nani? Akasema: gari ikuwe tayari kwanza. Siku atasema ndiyo, sitaki nimuambie angoje fundi."

"Na kama sisemi?"

"Ile vile vile nilimuuliza. Akasema itakaa. Akasema gari inajua kukaa."

Mvua ilikuwa imepungua, na kwa mbali ilisikika honi ya boti la mizigo kwenye mfereji wa meli. Rolande alitaka kujua jambo moja tu sasa, na alijua kwamba hakuna mtu hai anayelijua. Hata hivyo aliuliza: Mathieu angetaka alazwe wapi?

Josias akatikisa kichwa. "Mi sijue muntu anataka kulala wapi. Mi najua tu gari ilikuwa inatazama wapi."

Rolande alifunga mlango polepole, magunia yakiwa bado ndani. Alivua koti lake la kazini, akalitundika kwenye kioo cha ile ya kijani. Kisha akamwambia Josias aurudishe upande wa kushoto kama alivyoukuta.

Josias alimtazama ili kuhakikisha amesikia vizuri. Akageukia ile nafasi tupu mbele ya pikapu, mahali ambapo Mathieu alipenda kusimama, na kusema na mtu asiyekuwepo. "Ona bibi yako," alisema. "Ona sasa. Uliniachia mateso." Aliendelea kunung'unika mpaka alipolala chini ya gari, akalalamikia watu wa Bukavu, wajane, na mgongo wake, lakini mikono yake ilikwenda taratibu, na alipofika kwenye msumari wa kifundo akaomba mshumaa. Angeweza kuacha, msumari ulikwisha kupimwa. Alipaka masizi, akausukuma, akauzungusha, akautoa, akamwonyesha Rolande. Yamefutika pote.

Rolande alishika bakuli la plastiki. Alipokea nati tano, akatoa sita.

*

Kabeya alikuja Jumamosi asubuhi. Alikuwa mtu mrefu aliyenyooka licha ya umri, na alinukia sabuni ya garimoshi. Alimpa Rolande mkono, akampa Josias mkono, macho yake yakiwa tayari yameteremka kwenye magurudumu. Akavua koti bila kusema, akalikunja, akampa Rolande alishike. Akavuta kadibodi, akalala juu yake na shati lake jeupe la matanga, akajisukuma chini.

Alikaa kule muda mrefu. Viatu vyake tu ndivyo vilivyoonekana, vidole vikitazama juu. Mara moja walisikia akigonga chuma kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi. Baadaye hakugonga tena, na viatu havikusogea, na Josias akatoka nje kuvuta sigara ingawa alikuwa ameacha.

Alipotoka chini, Kabeya hakuinuka mara moja. Alikaa sakafuni, mikono juu ya magoti, na kuitazama ile ya kijani kwenye vigogo vyake.

"Ni ya kwenda," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe ulisema alisema mutabaki."

"Alisema."

"Alisema vile juu yeye alitaka, ao juu yako?"

Rolande alikuwa amelitayarisha jibu usiku kucha, jibu refu, lenye sahani iliyooshwa na mama aliyebaki njiani. Halikutoka.

"Juu yangu," alisema.

Kabeya alinyanyuka kwa kushika bampa. Alikwenda kwenye mlango wa dereva, akatazama ndani, akaona mchele na mkanda wake, fufu na mkanda wake. Hakuhitaji kuelezwa, desturi ilikuwa yake. Midomo yake ilisogea kidogo, akijumlisha. Alimtazama Rolande kuanzia viatu hadi kichwa, jinsi fundi anavyotazama, akarudisha macho kwenye magunia. Uso wake ukavunjika kidogo, halafu ukajirudisha.

"Soixante-quinze, sabini na tano," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimufundisha muzuri."

"Mumupeleke Likasi, papa Kabeya. Nitawaambia wote mwenyewe."

"Na wewe? Utaenda naye?"

Mlangoni, Josias alizima sigara yake ukutani na kujifanya hasikii.

"Nitamusindikiza mupaka Zaventem, kwa uwanja wa ndege," Rolande alisema.

Kabeya alilipokea neno hilo bila kulirudisha. Angeweza kusema kwamba mke hubaki kaburini mpaka udongo ukauke, kwamba mdogo wake alimwekea kiti. Alikuwa amekwisha kuona kiti. Akachukua koti lake mkononi mwa Rolande, lakini hakulivaa.

Simu ya Rolande ikalia. Alikuwa Bibiane: watu wa Lille wameingia kwa wingi, wengine wa Paris wako njiani, na mchele umekwisha. Rolande alisikiliza, akasema sawa, akakata. Hakujua aanzeje kusema, kwa hiyo akasema tu kama ilivyo, kwamba nyumbani mchele umekwisha.

Wanaume wawili walitazamana. Kisha Kabeya akafungua mlango wa dereva, akainama, akafungua mkanda kwa upole ambao hautumiwi kwa mizigo. Akatwaa gunia la kwanza begani. Josias akachukua la pili. Walikwenda na kurudi kati ya pikapu na gari la Josias, na kiti cha dereva kikabaki kitupu, chenye alama ya duara katikati.

Gunia la mwisho lilipotoka, pikapu nyeupe iliinama kidogo upande wa abiria. Ilikuwa ni upana wa ukucha tu. Mtu mwingine asingeona, lakini katika hanga lile walikuwapo mafundi wawili na mjane wa wa tatu, na wote watatu waliona.

Josias akazunguka, akashika kitasa cha mlango wa abiria. Alisema ayatoe na haya ya fufu, gari lisikae limeinama, fimbo zisije zikazoea vibaya.

"Iache," Rolande alisema.

Akaenda mwenyewe, akafungua mlango, akavuta mkanda kuona kama bado umeshika. Ulikuwa umeshika. Akaufunga mlango, akachukua mwavuli wake, akawafuata kwenye mvua.